Mikono Iliyovunja Ghala

Tarehe 6 Februari

Shikamoo Baba,

Nimefika salama. Gari liliniacha njia panda, nikamalizia safari kwa baiskeli ya muuza mkaa, nimekaa nyuma juu ya gunia, joho langu nimelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Wazee wa kanisa waliokuja kunipokea walinitazama, wakatazama tena barabarani, wakaniuliza, "Mchungaji mwenyewe yuko nyuma?" Nikawaambia ndiye mimi. Mmoja akasema, "Basi karibu, mama, unawe uso kwanza."

Simu huku hazishiki mpaka upande mlima, na huko juu upepo unakula nusu ya maneno. Kwa hiyo tutaandikiana. Dereva wa gari la maziwa amekubali kubeba barua zetu.

Nyumba ni chumba kimoja na kijisebule. Mlango unafungwa kwa kuegemeza jiwe. Kanisa halina dari, na waumini wengi ni wajane. Askofu aliponiaga aliniambia, "Huku utapumzika." Nimefika ndipo nikamwelewa. Alikuwa ananiambia ninyamaze.

Baba, nimeyarudia mahubiri yale kichwani njia nzima na sioni neno la kufuta. Nilisoma mfano kama ulivyo. Shamba la tajiri limezaa kupita kiasi, hana pa kuweka, anasema nitavunja maghala yangu, nitajenga makubwa zaidi, nitaweka humo vitu vyangu vyote. Nita, nita, nita. Nikawauliza watu: huyu mtu anavunja ghala peke yake? Nani alilima? Nani alivuna? Nani atashika nyundo? Hao wote hawamo. Tajiri amewatoa hata kwenye maneno yake. Na mahindi yakifungiwa ndani yakisubiri bei ipande, nani analala na njaa nje? Ni hayo tu. Sikumtaja mtu. Kama Kufuli, na maghala yake ya mahindi, alijiona pale mbele alipokaa chini ya paa alilotununulia yeye mwenyewe, si kosa langu.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni kama kawaida yako. Nilikuona unavua miwani unaifuta. Sikujua umefurahi au umeogopa. Uniambie. Na uniambie anakutendeaje kazini sasa. Mtu umelinda geti lake tangu mimi sijaanza shule, sidhani kama atakuadhibu wewe kwa maneno yangu.

Mwanao,
Mchungaji wa Wajane


Tarehe 20 Februari

Marahaba, mama yangu,

Nimesoma habari ya gunia la mkaa nikacheka peke yangu mpaka shangazi yako akaacha cherehani akaja kuangalia kama nina homa. Marehemu mama yako angekuwepo angesema umenirithi mimi, huwezi kwenda mahali ukafika kama watu.

Mimi sijambo. Geti bado ni geti. Malori yanaingia yamejaa, yanatoka matupu, mahindi yanabaki ndani. Huku mjini watu wameanza kununua unga kwa vikombe. Wanawake wanakuja kufagia punje zinazodondoka barabarani malori yakipita, na msimamizi anawafukuza, kana kwamba punje zikishalala kwenye lami bado ni mali ya mtu.

Umeniuliza kuhusu miwani. Lilikuwa vumbi tu, mama. Kanisa lile lina vumbi.

Kufuli aliniita ofisini. Alinipa kiti! Miaka yote hiyo sijawahi kukalia kiti cha ofisi ile, nikakaa nusu matako nisije nikakichafua. Akaniambia, "Mzee, mtoto wako amenivua nguo mbele za watu."

Nikamwambia, "Bwana mkubwa, mtoto alisoma Biblia."

"Basi Jumapili simama kanisani useme alisoma vibaya. Sema neno hilo moja, yaishe."

Nikamwambia nitaliangalia. Na yameisha, kwa hiyo usihangaike, usikose usingizi kwa ajili ya mzee kama mimi ambaye hata mbwa wa pale getini ananiheshimu.

Ila barua usiziandike tena kwa anwani ya getini. Siku hizi pale vitu vinapotea ovyo. Andika kwa shangazi yako, yeye atanipa.

Kula vizuri. Na hilo jiwe la mlangoni tafuta zito zaidi.

Ni mimi,
Baba yako


Tarehe 25 Machi

Shikamoo Baba,

Nilijua hutasimama kusema nilisoma vibaya. Hukuniambia ilikuwaje Jumapili hiyo, lakini nakujua.

Huku nimeanza darasa siku za Jumatano. Tunakaa kwenye mikeka na wajane wangu, nasoma mfano kidogo kidogo, kila mmoja anasema anachokiona. Juzi tulisoma huohuo wa ghala. Bibi mmoja, haoni tena, anaongozwa kwa fimbo, akauliza, "Huyo tajiri hakuwa na jirani?" Nikasema hatuambiwi. Akasema, "Basi alikuwa naye, ila hakumwona. Afadhali mimi, nina sababu."

Nimeyaandika mahubiri yale upya, marefu kuliko mwanzo, nakutumia ndani ya bahasha hii. Naomba uwasomee wapagazi saa ya chakula. Wasomee polepole. Nataka wajue kwamba Mungu anapomwita yule tajiri mpumbavu, hamwiti hivyo kwa sababu alisahau kusali. Anamwita hivyo kwa sababu alidhani mavuno ya watu wengi ni chakula cha mtu mmoja.

Halafu dereva wa maziwa ananiambia Kufuli anavunja maghala ya zamani ili ajenge makubwa. Ni kweli? Baba, nilikaa chini nikacheka mpaka nikashikwa na uchungu. Mtu anausikia mfano, anachukia, kisha anaufuata kama ramani ya fundi!

Nilifikiria nikuite uje ukae nami huku. Lakini chumba ni kimoja, na mshahara unakuja ukijisikia. Wewe kaa hapohapo getini. Una chumba chako cha kampuni, una kitanda, una taa. Mimi nikijua uko mahali pazuri naweza kuvumilia haya mengine.

Mwanao


Tarehe 18 Aprili

Marahaba, mama yangu,

Unisamehe mwandiko. Vidole vimevimba kidogo, kalamu inateleza. Ni uzee tu na hili vumbi la chokaa, linaingia mpaka kwenye maji ya kunywa.

Nimewasomea. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta saa ya chakula, wengine wana chakula, wengine wanatazama. Nikasoma polepole kama ulivyosema. Unamkumbuka yule kijana mpagazi tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki? Alinyamaza mpaka mwisho. Tukadhani anaumwa. Halafu akauliza, "Mzee, huyo tajiri wa kwenye Biblia, vibarua wake aliwalipa kila jioni au aliwaambia njoo kesho?" Watu wakacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza tunacheka nini. Redio akamwambia, "Tunasoma neno la Mungu, bosi." Akaondoka. Atafanya nini? Jina la Mungu limebandikwa mpaka kwenye malori yao.

Baadaye Baba Pacha, yule mpole aliyepata mapacha mwaka jana, akaniomba nimsomee tena pale kwenye nita, nita, nita. Akarudia kimoyomoyo. Akasema, "Mimi nilidhani ni mimi tu ninayeona hivyo." Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, maana nilijua utayataka.

Sasa kuna jambo nataka tubishane kidogo. Wewe unasema tajiri anajisemea mwenyewe kwa kiburi. Inawezekana. Lakini mimi nimemlinda Kufuli miaka mingi. Nimemsikia anavyozunguka maghala jioni akiongea na nafsi yake, nafsi yangu hivi, nafsi yangu vile. Mkewe alishaondoka. Watoto wanampigia simu wakitaka kitu. Yule wa kwenye mfano, mbona anaiambia nafsi yake, kula, unywe? Hana mwingine wa kumwambia karibu mezani. Simtetei, mama. Mtu aliyefungia chakula cha mji mzima simtetei. Ila wewe mpinge bila kumchukia. Chuki itakuharibia sauti, na sauti yako ni nzuri.

Huku kazi inaendelea. Ghala la kwanza limeshalala chini. La pili, upande wa mashariki, lina ufa unaoingiza mkono mzima. Wameegemeza miti miwili tu. Nikamwambia msimamizi ile miti haitoshi, aongeze. Akanijibu, "Mzee, kazi yako kuvunja, si kuhesabu nguzo." Nikacheka, nikamwambia sawa.

Shangazi yako anakusalimu. Anasema ukipata mume usimwandikie barua ndefu kama hizi, atachoka.

Baba yako


Tarehe 29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikafurahi. Nilipoirudia nikasimama kwenye neno moja. Msimamizi anamwambiaje mlinzi wa geti kwamba kazi yake ni kuvunja?

Na vidole vimevimba kwa nini? Na kwa nini shangazi yuko karibu nawe kila unapoandika?

Baba, niambie ukweli. Unalala wapi? Unafanya kazi gani? Nakuomba kama mtoto wako, usinifanyie mzaha. Acha kazi hiyo leo. Nitamwomba Askofu msamaha kama itabidi. Nitapiga magoti. Wewe toka tu hapo.

Mwanao


Tarehe 5 Mei

Wewe mtoto,

Barua yako kwa baba yako imefika. Nimeifungua mimi, shangazi yako, kwa sababu mwenyewe hayupo tena wa kuifungua.

Kaa chini. Kama kuna mtu karibu, mwite akae nawe. Kisha endelea kusoma.

Kaka yangu amefariki Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Ukuta wa mashariki uliwaangukia. Walikuwa watatu, yeye na yule Redio na Baba Pacha. Wenzao waliwafukua kwa mikono na sepetu. Redio alitolewa akiwa bado anaongea, anauliza wenzake wako wapi, akafia njiani. Baba yako hakusema kitu. Walisema hakuumia muda mrefu, nami nimeamua kuamini.

Dereva wa maziwa nilimpa ujumbe siku ileile. Alirudi nao. Mto umebomoa daraja, hakuna gari linalopita, na hata barua wameanza jana tu kuzivusha kwa kamba. Tulikusubiri Ijumaa nzima. Jumamosi tukamzika, maana hatukuwa na namna.

Sasa nikuambie alichokuficha, maana alinikataza na mimi nikakubali, na nikikaa nacho peke yangu kitaniua.

Jumapili ile Kufuli aliyomwambia asimame, alisimama kweli. Kufuli amekaa mbele ameshika mikono. Baba yako akasema, "Mwanangu alisoma vizuri. Nilimsikiliza mpaka mwisho." Akakaa. Hayo tu. Jumatatu vitu vyake vilikuwa nje ya geti, godoro, sufuria, na picha ya mama yako ikiwa imelala kifudifudi kwenye vumbi. Kwa hiyo barua zote alizokuandikia, alikuwa hana tena geti. Alikuwa hapa kwangu, analala juu ya meza ninayokatia nguo. Kila jioni natoa vitambaa, kila asubuhi anatoa godoro. Tuligombana kuhusu pini. Zilikuwa zinamchoma.

Alitafuta kazi mji mzima. Nani ampe kazi mtu aliyefukuzwa na Kufuli? Mwisho ni kulekule, kwenye kuvunja. Msimamizi alichukua kila mwenye mikono. Nilimwambia asiende. Akanijibu, "Mtoto anahitaji baba anayefanya kazi, si baba anayehurumiwa."

Kufuli alikuja msibani. Alishuka kwenye gari akasimama mbali kidogo, kofia mkononi. Nyuma lilikuja lori na magunia ya mahindi. Mchungaji mpya, aliyeletwa mahali pako, akaomba, akasema ni mapenzi ya Mungu.

Pole, mwanangu. Sina maneno mengine.

Shangazi yako


Tarehe 13 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nilitembea mpaka mtoni. Nilikaa ukingoni siku mbili na wafanyabiashara wa mbuzi nikisubiri maji yapungue. Hayakupungua. Nikarudi.

Sijui naandika nini. Jumapili nilisimama madhabahuni nikafungua kinywa, nikasema, "Wapendwa," nikaishia hapo. Wajane wangu wakaanza kuimba wenyewe. Yule bibi asiyeona akaja akapapasa mpaka akanipata mkono.

Shangazi, mimi ndiye niliyemwua. Msinifiche. Nilisema maneno mazuri, watu wakanisifu, mimi nikapewa uhamisho na nyumba yenye jiwe la mlango, yeye akapewa ukuta. Nilimwandikia kaa hapohapo getini. Nilimwandikia una kitanda, una taa! Akasoma hayo akiwa amelala juu ya pini zako. Na mahubiri yale, mimi ndiye niliyemtuma akawasome. Wote watatu walikuwa wamekaa chini ya ukuta ule wakinisikiliza mimi.

Katika mfano ni tajiri anayekufa. Ndivyo ulivyo, usiku uleule anaitwa, anaacha kila kitu. Nimeusoma mara nyingi, nimeuhubiri, na kila mara anakufa tajiri. Mbona kwetu amekufa mwingine? Nimekaa na hicho kitabu magotini sioni pa kushika.

Halafu unaniambia magunia. Mliyapokea? Shangazi, mlipika mahindi ya Kufuli kwenye msiba wa baba yangu, mkala? Aliyekataa kuongeza mti mmoja kwenye ukuta analeta lori zima la mahindi, na ninyi mnafungua midomo? Ningekuwepo ningeyamwaga barabarani.

Nisamehe. Nimekukosea adabu. Lakini sitalifuta neno hilo.

Mtoto wa kaka yako


Tarehe 24 Mei

Marahaba.

Sikukasirika. Nilitaka kukasirika, nikakumbuka nilipomzika mama yangu, nilimtukana mpaka mchimba kaburi.

Tuanze na magunia. Ndiyo, niliyapokea mimi. Niliyafungua kwa mkasi wangu wa kukatia nguo. Watu waliojaa uwanjani walikuja kumlilia baba yako hawajala tangu jana yake. Mke wa Baba Pacha alikuwa amekaa ukutani na wale mapacha, mmoja kila upande, maziwa hayatoki. Wewe ungeyamwaga barabarani, na hao wangekwenda kuyaokota barabarani, tena wakipiga magoti. Halafu, mwanangu, wewe mwenyewe ulituhubiria kwamba mahindi yale si ya Kufuli. Mimi nilikusikia. Nilikaa safu ya tatu. Nikapika chetu. Na sikumwambia asante.

Sasa hilo la pili. Unasema wewe ndiye uliyemwua. Usijipe ukubwa huo. Tangu lini maneno ya mtu yakabomoa ukuta wa matofali? Ukuta ulikuwa na ufa. Palihitajika miti, miti ikawa ghali, watu wakawa rahisi. Aliyefanya hesabu hiyo yupo, anakula, analala, na sasa wewe umemnyang'anya mzigo wake umejitwika mwenyewe. Unamsaidia! Kufuli akisoma barua yako atashukuru Mungu.

Baba yako hakutumwa na wewe. Alikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Aliposimama kanisani hakuangalia upande wangu wala upande wa Kufuli. Nilimwona uso. Mtoto, ulikuwa uso wa mtu aliyeshiba. Usimgeuze akawa kitu chako ulichokivunja kwa bahati mbaya.

Kuhusu mfano, kwamba mbona amekufa mwingine, mimi sijui. Mimi ni fundi cherehani. Usiniulize ya Mungu, nami sitakuuliza ya pindo.

Lakini kuna jambo huku halingoji. Ghala jipya limeanza kupanda, hata damu haijakauka. Watu wa Kufuli wanazunguka na karatasi. Wamefika kwa mke wa Baba Pacha, wamefika kwa mama yake Redio, wamefika kwangu. Wanataka tuweke dole gumba kwamba ilikuwa ajali, ni mapenzi ya Mungu, hakuna wa kulaumiwa, na hatutadai kitu. Mchungaji mpya anawasindikiza, ameshika Biblia. Kwa mama yake Redio wamekwenda mara tatu. Yule mama amebaki peke yake, anasema nyumba imekuwa kimya mpaka anasikia panya wakitafuna, na anaogopa mara ya nne atakubali ili waondoke tu.

Wapagazi wanne waliokuwepo wamesema watakwenda baraza la kazi, linalosikiliza malalamiko ya vibarua, kusema habari ya ufa na ile miti miwili. Wanaogopa, lakini wamesema. Na mimi nitasema alivyoniambia kaka yangu kila jioni akinawa chokaa kwenye beseni langu.

Tumekaa jana sisi wanawake watatu. Hatuna anayejua kuongea na wakubwa. Nikawaambia, tunaye. Wakauliza, atakuja? Nikasema siwezi kumjibia, nitamwandikia.

Askofu hatakupa ruhusa. Usimwombe. Na joho liache huko, wakikuona nalo watasema mambo ya kanisa yamalizwe kanisani. Vaa gauni, njoo kama mtoto wa marehemu. Kaa nasi kwenye benchi la baraza. Wakisema ni mapenzi ya Mungu, wewe ndiye umesomea huyo Mungu, inuka uwaulize kama alikuwepo siku walipokataa kununua miti.

Kama sauti haitatoka, basi kaa tu. Nasi tutakaa nawe.

Maji yameshuka, daraja wamelitengeneza kwa mbao. Dereva wa maziwa anapita hapo kwenu Ijumaa asubuhi. Nimeshamlipa nauli yako, usimpe nyingine, ana tamaa.

Meza nimeiondoa pini zote.

Shangazi yako